Mashine ya Presha Inapogoma: Kosa la Pampu au la Maji?

Asubuhi ya Jumamosi, katika uchochoro mmoja wa mafundi wa Gerezani, jijini Dar es Salaam, ambako harufu ya grisi na harufu ya chapati hugombania pua ya mpita njia, mzee mmoja mstaafu aliteremka kwenye bajaji akiwa amekumbatia mashine ya kuoshea gari kwa presha, mpira wake ukiburura chini, na uso wake ukionyesha dhahiri kwamba hakuja kuuliza bali kushitaki.

"Shikamoo, mzee," fundi alisema, akiinuka kwenye kigoda chake.

"Marahaba, mwanangu. Mashine hii nimeuziwa mbovu. Inanguruma, lakini maji yanasitasita, mara yana nguvu, mara hayana. Ifungue uibadilishe pampu."

Fundi hakugusa bisibisi. "Samahani, mzee, maji unayatoa wapi?"

"Kwenye simtanki."

"Na mpira wa kuyaleta?"

"Wa nusu inchi, ule wa kumwagilia maua. Una mita ishirini hivi."

Fundi aliichukua mashine akaiunga kwenye mpira mnene wa karakana yake, akayaacha maji yapite mpaka yakakoma kutoa mapovu, ndipo akawasha. Na mshale wa maji ulioruka ukachubua tope lililokuwa limegandamana na kizingiti cha saruji tangu masika. "Haina ugonjwa, mzee," alisema. "Ina kiu."

Mhariri alikuwa amenituma huko kuuliza jambo ambalo kwa sura ni jepesi: kwa nini mashine hizi, ambazo siku hizi zimetoka kwenye vibanda vya kuoshea magari zikaingia katika nyua za watu, hufika kwa mafundi mapema mno baada ya kununuliwa, na je, lawama imwangukie muuzaji, mwenye mali, au kiwanda? Jawabu nililorudi nalo, baada ya kuzisikiliza pande zote na kulipima neno la kila mmoja kwa hisabu, ni kwamba aghalabu mashine huhukumiwa kwa makosa ya maji na ya umeme vinavyoifikia, na kwamba mtu anayeanza uchunguzi wake kwa kufungua pampu ameanzia mwisho.

Kutoka kiwandani hadi uani

Chombo chenyewe si cha kale. Alfred Kärcher, Mjerumani aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1935, alitoa mwaka 1950 mashine ya kwanza barani Ulaya ya kusafishia kwa maji ya moto yenye shinikizo kubwa, nayo ilikuwa dude la viwandani na la magereji, zito na la gharama, ambalo mwenye nyumba wa kawaida hakuwa na sababu ya kulitamani. Kärcher alifariki mwaka 1959, kampuni ikaongozwa na mjane wake, Irene, na ilipofika mwaka 1984 ndipo ilipotoka mashine ndogo ya kubebeka, iliyokusudiwa mtu wa nyumbani.

Tangu hapo viwanda vingi vimefuata nyayo hizo, na huku kwetu mashine huingia kwa milango miwili: mpya, zilizofungwa katika maboksi yenye picha za magari yanayometameta, na za mtumba, zilizokwisha kuosha baraza za watu wengine ng'ambo.

Ndani ya ganda la plastiki mna mota, na mbele ya mota mna sahani iliyokaa mshazari ambayo, izungukapo, husukuma kwa zamu pistoni tatu ndogo. Kila pistoni ina valvu mbili, moja ya kuyaingiza maji na moja ya kuyatoa, pamoja na sili za mpira zinazoyazuia yasipenye pembeni. Maji ambayo katika bomba zuri la mtaani yana shinikizo la baa 2 hadi 4 hutoka humo yakiwa na baa 100 au zaidi, yakapita kwenye tundu la nozo lenye upana wa milimita moja hivi, kwa kasi ambayo hisabu huiweka karibu na kilomita 500 kwa saa.

Hayo yote hufanywa kwa maji machache mno, lita 6 hadi 8 kwa dakika, ambayo ni pungufu sana ya yale yanayomwagika kwenye mpira ulioachwa wazi. Na hiyo ndiyo hoja ya nguvu ya wanaozitetea mashine hizi katika jiji ambalo mwishoni mwa mwaka 2022, kina cha mto Ruvu kilipopungua, wakazi wake walipangiwa maji kwa mgao. Walakini pampu haizai maji. Hukaza yale iliyopewa, na ikipewa pungufu, hujaza nafasi iliyobaki kwa hewa.

> *Pampu haizai maji. Hukaza yale iliyopewa, na ikipewa pungufu, hujaza nafasi iliyobaki kwa hewa.*

Shauri la simtanki

Hapa ndipo penye kiini cha shauri la yule mzee, na pengine la nusu ya mashine zinazolala kwenye rafu za Gerezani zikingoja spea zisizozihitaji.

Kitabu cha maelezo kinachokuja ndani ya boksi kimeandikwa kwa ajili ya nyumba ya Ulaya, ambayo koki yake imeungwa moja kwa moja na bomba la mji lenye msukumo usiokatika mchana wala usiku. Nyumba zetu nyingi huishi kwa tangi. Maji yakishaingia tangini, nguvu yote ya bomba la mtaani imekwisha, na msukumo unaobaki ni ule wa kimo peke yake, ambao kwa kila mita 10 za kwenda juu ni kama baa moja. Basi tangi lililokaa juu ya mnara wa mita 3 huipa mashine theluthi ya baa tu, mahali pa zile baa 2 au 3 alizozitazamia mwandishi wa kitabu.

Theluthi hiyo nayo haifiki nzima. Lita 7 kwa dakika zikipita ndani ya mita 20 za mpira wa nusu inchi hupoteza kwa msuguano zaidi ya mita 2 za kimo, yaani sehemu kubwa ya zile mita 3 za mnara imekwisha liwa na mpira kabla maji hayajafika kwenye chujio. Na endapo mtu atauweka kando mpira huo akaweka wa robo tatu inchi, kwa urefu ule ule na tangi lile lile, hasara hiyo hushuka ikawa kama theluthi moja ya mita. Tofauti ya maisha na mauti ya pampu imo katika unene wa mpira, kitu ambacho hununuliwa kwa bei isiyokaribia hata kidogo ile ya pampu mpya.

Mafundi wana kipimo cha jambo hili kisichohitaji chombo chochote cha kigeni. Mpira ukiwa umekwisha vutwa hadi pale mashine itakaposimama, mwisho wake huwekwa ndani ya ndoo ya lita 10, koki ikafunguliwa yote, na saa ikatazamwa: ndoo ikijaa katika dakika moja au chini yake, maji yanatosha kwa mashine ya nyumbani, ikichelewa sana baada ya hapo, hakuna haja ya kumsumbua fundi, kwani hitilafu iko tangini, kwenye koki, au kwenye mpira.

Wengine huchota moja kwa moja kwenye pipa. Jambo hilo linawezekana kwa mashine zilizoundwa kunyonya, kwa mpira mgumu usionywea na wenye chujio mwishoni, na pipa likae usawa wa mashine au juu yake. Ila si kila mashine iliyoundwa hivyo, na kwa hili kitabu, pamoja na kasoro zake zote, ni lazima kisomwe.

Hewa iliyokwisha ingia haina budi kutolewa. Bunduki ya mashine huunganishwa bila ya fimbo yake ya mbele, koki hufunguliwa, kifyatuo hubanwa huku mashine ikiwa bado imezimwa, na maji huachwa yatiririke kama dakika moja mpaka yakatike kutoa mapovu; ndipo mashine huwashwa. Mwenye haraka huiruka hatua hii, kisha husikia pampu ikigugumia, naye akasema ni mbovu. Kuiwasha kavu, hata kwa muda mfupi wa kuijaribu tu dukani kama wauzaji wengine wanavyofanya ili mnunuzi aisikie sauti, ni kuzichoma sili ambazo maji ndiyo mafuta yake.

Kuna na chujio dogo la wavu lililochomekwa mlangoni mwa maji, ambalo wengi hawajui kuwa lipo. Huvutwa kwa koleo taratibu, huoshwa, hurudishwa. Katika maji ya tangi ambalo halijasafishwa, huziba upesi kuliko mtu anavyodhani.

Na joto: aghalabu vitabu huweka mpaka wa nyuzi 40 za Selsiasi kwa maji yanayoingia. Tangi jeusi na mpira mweusi vilivyolala juani saa saba mchana, mwezi wa Februari, huweza kuuvuka mpaka huo bila ya mtu kuwasha moto wowote, kwa hiyo maji ya kwanza yamwagwe kando mpaka yapoe.

Umeme unaofika umechoka

Malalamiko ya pili kwa wingi ni ya mota inayovuma bila ya kuzunguka, au inayozunguka kwa unyonge kisha ikakata. Sababu zake ni nyingi, lakini ile ya kwanza kutazamwa ni waya.

Mashine ya wati 1,800 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban ampea 8 ikiwa inakwenda, na wakati wa kuanza huvuta maradufu kadhaa ya hizo. Ekstensheni nyembamba ya mita 30, yenye nyaya za milimita 0.75 za mraba, hupoteza volti 11 hivi mashine ikiwa katika mwendo, na nyingi zaidi katika ile nukta ya kuanza. Mahali ambapo umeme wa mtaa tayari umeshuka kwa sababu ya majokofu na pasi za majirani, hizo chache zinazopotea ndizo zinazoamua mota izunguke au ibaki ikivuma hadi iungue. Waya wa milimita 2.5 hupoteza volti 3 hivi tu. Waya ulioviringishwa kwenye gurudumu lake sharti ufunguliwe wote, maana ukiachwa umejikunja hukusanya joto hata ganda lake likayeyuka.

Kabla ya hayo, mtu abane kifyatuo huku akiwasha. Maji yaliyobanwa ndani tangu jana huishika pampu, na mota huanza ikiwa tayari imebeba mzigo. Yakiachiliwa, mara nyingine uvumaji wote huisha papo hapo.

Kama hauishi, mota za aina ya indaksheni huwa na kapasita, kitu cha bei ndogo ambacho kikichoka mota huvuma tu bila ya kuanza. Nazo zile nyepesi zenye makelele mengi huwa na kaboni, ambazo zikilika hutoa cheche na mota hukatakata. Kapasita na kaboni hubadilishwa kwa urahisi, ila kapasita iguswe na mtu aijuaye, kwani huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kwenye mtumba kuna mitego ya namna mbili. Wa kwanza ni ule wa volti: umeme wa nyumbani wa Japani ni volti 100, na wa Marekani ni 120, na mashine ya huko ikichomekwa hapa haitampa mwenyewe nafasi ya kujuta mara ya pili. Wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa hauonekani. Plagi ya duara ya Ulaya hupokea waya wa ardhi ubavuni, na ikilazimishwa kuingia katika soketi yetu ya matundu matatu, mashine hufanya kazi vizuri kabisa huku ardhi yake ikiwa haijaungwa popote. Na mwenye kuishika yumo majini miguu mitupu. Plagi hiyo ikatwe, iwekwe yenye pini tatu na waya wa ardhi uungwe, na nyumba iwe na swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30.

Tundu la milimita moja

Maji yakiwa ya kutosha na umeme ukiwa mzima, uchunguzi huhamia mwisho wa pili, kwenye nozo, na hapo hitilafu husema kwa lugha mbili zilizo kinyume.

Nozo iliyoziba huifanya mashine itetemeke, mshale ukatoka upande au ukapasuka vipande, na mota ikawaka na kuzima yenyewe kwa sababu presha imepanda kupita kiasi. Punje moja ya mchanga inatosha. Hutolewa, husukumwa kwa sindano nyembamba kutoka mbele, kisha huoshwa kinyumenyume kwa maji ya bomba. Na ikiwa ni chokaa iliyoganda, hulazwa katika siki.

Nozo iliyolika haina kelele. Tundu lake likipanuka kutoka milimita 1 hadi 1.2, tofauti ambayo jicho haliwezi kuitambua, eneo lake huongezeka kwa asilimia 44, na kwa kuwa pampu hutoa kiasi kile kile cha maji, presha hushuka ikawa chini ya nusu ya ilivyokuwa. Mwenye mali huona nguvu imepungua siku hadi siku, akaituhumu pampu, naye fundi asiye na insafu huikubali tuhuma hiyo kwa furaha.

> *Tundu la nozo likipanuka kwa sehemu mbili tu za kumi za milimita, presha hushuka chini ya nusu.*

Kwenye fimbo zenye kichwa cha kuzungushwa, baadhi ya "ubovu" huu ni kichwa kilichoachwa upande wa presha ndogo, ule wa sabuni. Sabuni hunyonywa upande huo peke yake. Anayezungusha kichwa kwenye presha kubwa kisha akashangaa kwamba chupa ya sabuni haipungui, mashine yake haina kosa. Hayo nimeyaona kwa wenye vibanda vya kuosha magari vilevile, wala si kwa wageni wa kazi pekee.

Dalili nyingine, ya mashine zinazojizima kifyatuo kinapoachwa, ni mota kuwaka kwa nukta moja na kuzima tena, kila baada ya muda mfupi, bila ya mtu kubana kitu. Maana yake presha inavuja mahali: kwenye oringi ya kiungo, kwenye bunduki, au kwenye valvu ya ndani isiyofunga sawasawa. Oringi ni ya kutazamwa kwanza, kwani ni ya shilingi chache na huonekana kwa macho.

Mashine za petroli zina kanuni zake, na kwa kuwa nyumbani ni chache, sitazikalia. Petroli iliyolala tangini miezi mingi huziba kabureta. Na maji moto yanayotemwa ghafla chini ya pampu, baada ya injini kuachwa ikinguruma huku kifyatuo kimefungwa, si uvujaji, bali ni valvu ya usalama inayofunguka maji yanapofika nyuzi 60 hivi, ikiiponya pampu na uzembe wa mwenyewe. Mashine ya namna hiyo isiwashwe kamwe ndani ya banda lililofungwa, kwani hewa ya sumu itokayo katika injini haina harufu ya kumwonya mtu.

Chumvi ya visima vya pwani

Vitabu vya Ulaya huonya kwa kurasa nzima juu ya baridi kali inayogandisha maji ndani ya pampu na kuipasua, onyo ambalo kwa msomaji wa Makete mwezi wa Juni lina maana, lakini kwa msomaji wa Tanga, Kilwa au Unguja ni hadithi. Juu ya maji ya kisima cha pwani, yenye chumvi na chokaa ya matumbawe, vitabu vile havisemi chochote, ilhali hayo ndiyo adui yetu.

Maji hayo yakikauka ndani ya pampu huacha ganda jeupe juu ya viti vya valvu, na chuma chochote kisicho shaba wala chuma cha pua huanza kutu. Dawa yake ni kuwa kila kazi ya maji chumvi imalizwe kwa dakika kadhaa za maji baridi ya mvua au ya bomba, kisha mashine izimwe, koki ifungwe, kifyatuo kibanwe mpaka presha yote iishe, na mipira ifunguliwe imwage kilichobaki. Huo ni utaratibu ambao kila fundi niliyemkuta aliutaja bila ya kuulizwa, na ambao wateja wao, kwa ushahidi wa ganda jeupe lililojaa kwenye meza za karakana, hawaufuati.

Nayo dawa ya klorini ya kuweupesha nguo isitiwe katika chupa ya sabuni. Huzila sili na chuma pamoja.

Nina neno moja la pembeni kwa wenye nyumba za kale za Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa lipu ya chokaa hazikuumbwa kustahimili mshale wa baa 100; kuvu hutoka kweli, ila lipu hutoka nayo, na maji hupenya ndani ya ukuta. Brashi na subira zatosha.

Kidonda kisichotoa damu

Kati ya yote niliyoyasikia, hatari ya mshale wenyewe ndiyo inayopuuzwa zaidi. Watoto huruhusiwa kuchezea mshale, na wakubwa hujiosha nao matope ya miguuni.

Ngozi ya mtu hupenywa na mshale wa maji wenye shinikizo la baa 7 tu, na mashine ya nyumbani ina zaidi ya mara kumi na nne ya hizo. Maji yakiingia, huacha kitundu kidogo kisichotoa damu nyingi, huku chini yake yamepasua njia katika nyama na kano, yakibeba sabuni na uchafu. Maumivu huweza kuwa hafifu mwanzoni, mtu akafunga kitambaa akaendelea na kazi, na mkono ukaanza kuharibika usiku. Jeraha la namna hiyo, hata likiwa dogo kama la mwiba, ni la kupelekwa hospitali siku ile ile, bila ya kungoja, na daktari aambiwe waziwazi kwamba limefanywa na mshale wa presha na maji yalikuwa na dawa gani, maana kwa kulitazama tu hawezi kulijua.

Tairi nazo zikaribiwe kwa umbali usiopungua sentimita 30, kwani mshale wa karibu huudhoofisha ubavu wa tairi, nayo ikapasuka siku nyingine, gari likiwa barabarani.

Nani alipe?

Basi mashine iliyopewa maji ya kutosha, umeme wa kutosha na nozo nzima, ikiwa bado haina presha, ni mgonjwa wa kweli. Mafuta ya pampu yakiwa na rangi ya maziwa, maji yamepenya kwenye sili. Mshale ukipanda na kushuka kwa mpigo usiobadilika, huenda valvu moja kati ya zile sita imekwama. Hapa ndipo mafundi na wauzaji wanapotengana njia.

Wauzaji husema kwamba pampu ndogo za leo, ambazo vichwa vyake vingi ni vya plastiki au vya aluminiamu, hazikuundwa kufunguliwa. Kwamba ujira wa fundi na bei ya spea, vikijumlishwa, hukaribia bei ya mashine mpya. Na kwamba mashine iliyofunguliwa na fundi wa mtaani imepoteza dhamana yake. Hoja hizi si ghururi tupu, kwani hata mimi nimeziona pampu zilizopasuliwa kwa nyundo na patasi kisha zikafungwa kwa gundi, kazi ambayo hakuna muuzaji mwenye akili angekubali kuidhamini.

Mafundi hujibu kwamba kinachokufa ndani ya pampu ni seti ya sili na valvu inayoenea katika kiganja, ambayo wao huweza kuibadilisha asubuhi moja, na kwamba kizuizi si ufundi bali ni kukosekana kwa seti hiyo sokoni. Kwa hiyo huchinja mashine mbili zilizokufa ili kuifufua ya tatu. Wenye mashine zenye vichwa vya shaba hurudi kwao na mashine ile ile baada ya miaka. Wenye vichwa vya plastiki hurudi na mashine nyingine.

Mimi nawaelekea mafundi, kwa sharti la kuwa wafanye kama alivyofanyiwa yule mzee, yaani waulize maji kabla ya kushika bisibisi. Muuzaji anayeleta shehena ya mashine bila ya sanduku moja la sili zake amekwisha amua, kabla ya mteja kufungua pochi, kwamba mashine hizo zitaishia jalalani.

Mzozo huu si wetu peke yetu. Ufaransa, tangu mwezi wa Januari mwaka 2021, huwalazimisha wauzaji wa baadhi ya vyombo vya umeme kubandika juu yake alama, kutoka 0 hadi 10, inayoonyesha jinsi chombo kinavyotengenezeka, na mwezi wa Novemba mwaka 2022 mashine za presha ziliingizwa katika sheria hiyo. Alama hupimwa kwa maelezo ya ufundi yanayotolewa na kiwanda, kwa urahisi wa kukifungua chombo, kwa kupatikana kwa spea na kwa bei yake, pamoja na vigezo vya aina ya chombo chenyewe. Namba hiyo hubandikwa mbele ya macho ya mnunuzi, kando ya bei.

Huku kwetu hakuna alama ya namna hiyo kwenye boksi, na mnunuzi hubaki na ulimi wake tu. Fundi wa Gerezani huwashauri wateja wake waulize dukani, kabla ya risiti kuandikwa, seti ya sili na valvu za pampu ile zinauzwa duka gani, nozo yake peke yake ni shilingi ngapi, na kichwa cha pampu ni cha shaba au cha plastiki. Na muuzaji akishindwa kujibu swali la kwanza, wahamie duka la pili.